Tupeane uzoefu: siku zimekushika ghafla ukiwa mjini na huna pedi

Mleta mada
Wapendwa habari za jioni, leo naleta mada ambayo wengine mtajifanya hamjaiona. Scotland bunge lao lilipitisha sheria Novemba 2020, na tangu Agosti 15, 2022 halmashauri na mashule na vyuo wanalazimika kuweka pedi na tamponi bure kwa yeyote mwenye shida, hakuna kuulizwa kipato. Sasa mimi kusoma vile nikakumbuka vyoo vyetu vya taxi park hapa Kampala, unalipa kwanza mlangoni ndo unakatiwa kikaratasi cha kujifutia, na ukitaka kingine unaangaliwa kama mwizi. Naomba tuambizane: ilishakukuta sokoni, stendi, hospitali? Nani alikuokoa? Na kama kuna mahali uliona wameweka bure, ilidumu? Wanaume karibuni ila utani acheni huko huko.

Mama Mitumba
Mimi nauza nguo Owino, kule ukishafungua balo huwezi kuacha meza. Kuna dada anayekaa mlangoni pa choo yeye anapasua pakiti anauza moja moja, zimo kwenye kavera (mfuko wa plastiki) nyeusi imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, ukifika huongei kitu, unaangalia tu msumari na yeye ashaelewa. Huna hela anakwambia nenda utaleta jioni. Wengine hawaleti, nawajua. Yule dada analipwa vihela vya kufagia tu jamani, kwa hiyo bure mjini ipo, ila anayeigharamia ni maskini mwenzetu.

Wa Nakivale
Mimi ni Mkongo, niko kambi ya wakimbizi Nakivale. Huku tulishapewa zile za kitambaa za kufua, pamoja na sabuni na chupi, na niliwashukuru kweli maana chupi watu wanasahau, utamgawia mtu pedi aibandike wapi? Lakini ngojeni niwaambie upande wa pili. Pedi ya kitambaa inataka jua. Sasa nyumba chumba kimoja na shemeji yumo, huwezi kuianika kwenye kamba watu wote waione, basi unaifunika na kitenge juu, na mvua ikishika siku mbili tatu inabaki mbichi katikati pale penye unene, unavaa hivyo hivyo, kesho yake unajikuna. Na maji ya kufulia ni kupanga foleni na jerikeni. Mwenye kugawa aulize kwanza maji yako wapi.

Ticha wa Busia
Naomba niingie kwa heshima, mimi mwanaume. Shuleni kwetu pedi za msaada zililetwa zikafungiwa ofisini kwa yule madam mlezi wa wasichana, na ufunguo anatembea nao. Madam akienda semina, mtoto anajifunga sweta kiunoni anarudi nyumbani. Halafu sisi hapa mpakani, wasichana wetu wana binamu zao wanasoma upande wa Kenya, kule sheria ya 2017 inasema serikali impe pedi bure kila binti wa shule ya umma aliyevunja ungo, ingawa na wao wanalia kwamba zinachelewa kufika. Huku kwetu Uganda tuliahidiwa kwenye kampeni za 2016, mwaka uliofuata mama Janet Museveni kama waziri wa elimu akaliambia bunge hela hazipo. Mimi nilimshawishi madam boksi lihamie chooni kwa wasichana. Wiki ya kwanza lilikombwa lote, walimu wakanicheka. Tukajaza tena, tukajaza tena, mpaka walipoona haliishi wakaacha kujilimbikizia.

Mzee wa Kuhoji
Nyie mnaota. Karatasi ya choo yenyewe tunaiba, balbu tunaiba, pedi ndo itabaki? Zitauzwa mtaani siku hiyo hiyo.

Mleta mada
Mzee shikamoo. Anayeziiba atakuwa na binti au mke nyumbani asiye nazo, sasa hapo umepinga au umeniunga mkono?

Klina
Mimi nasafisha jengo la maofisi, jina siweki nahitaji kazi. Ghorofa ya juu waliweka kikapu kizuri chooni, pedi na vitambaa vya kujifutia. Tukaambiwa ni vya stafu. Sie tunaovipanga pale si stafu. Haya tuyaache. Ninachotaka kusema, waliweka pedi hawakuweka ndoo ya taka yenye mfuniko, zikawa zinatupwa kwenye sinki la choo, maji yanapanda, na anayeingiza mkono ni mimi. Na vile vyoo vya shimo vya mashuleni ndo usiseme, shimo linajaa kabla ya wakati wake maana hizi za plastiki haziozi. Chuo cha Makerere mhadhiri Musaazi alibuni MakaPads, pedi za mafunjo na karatasi chakavu, vitu vimejaa hapa hapa kwetu, kwa nini za bure zisiwe hizo?

Mleta mada
Klina umenifungua macho, ndoo nilikuwa siifikirii kabisa. Kuna dada wa saluni Kawempe aliwahi kuniambia ataweka kikapu cha pedi za bure kwake, yuko wapi? Leta ripoti dada.

Wa Saluni
Nipo nilikuwa nasuka. Kikapu nimekiweka nyuma karibu na sinki la kuoshea nywele, nanunua jumla Kikuubo inakuwa nafuu kidogo. Wanaochukua sana si wateja wangu, ni mabinti wa chapati na wauza ndizi wa hapa nje, wanaingia wanajifanya kuuliza bei ya kusuka. Mume kanuna, mi sijakiondoa. Ila nyie, juzi mtu kabeba pedi na kikapu chenyewe, kikapu naomba kirudi.