Kaskripti kangu ka mnadani kamegeuka zigo, nipunguze au nibebe tu?

raskazone_upepo:
Wakuu habari za jioni. Nipo Tanga hapa, mjomba wangu ananunua samaki pale Deep Sea, mwaka jana nikamwandikia kaprogramu ka terminali (kale kadirisha ka kuandika komandi), unakapa faili la maandishi lenye jina la chombo, samaki, kilo na bei, kanakujumlishia kila chombo kinadai shilingi ngapi, basi. Laini 60 tu za Python. Sasa kila wiki mtu ana lake, huyu anataka madeni yaonekane mekundu, yule ipange kwa tarehe, mwingine itume meseji, binamu yangu kataka hadi PDF, na mimi kukataa siwezi nikawa napachika tu. Leo ina opsheni 23 (vile vimaneno vya kuongeza kwenye komandi kubadili inachofanya) na nyingine zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Juzi nimepeleka matokeo kwenye awk, programu ya kuchakata maandishi, ijumlishe, jumla sifuri! kumbe zile alama za rangi zimejibandika mbele ya namba.

mzee_wa_paipu:
Pole mkuu, ugonjwa wa zamani huo. Rob Pike, mmoja wa wakongwe wa Unix (mfumo endeshi wa kompyuta), alishaulalamikia 1983, mfano wake komandi ya cat, kazi yake kuunganisha mafaili watu wakaipachika -v ya kuonyesha herufi zisizoonekana. Kupanga kwa tarehe unaandika wewe kwanini wakati komandi ya sort ya kupanga mistari ipo? Toa mstari mmoja chombo kimoja, tabu katikati, mengine paipu (kupeleka matokeo ya komandi moja kwenye nyingine) itamaliza, zipo kwenye Unix toka 1973. PDF futa kabisa aisee

binti_chumbageni:
Mzee unaongea kama vile mjomba wa watu anajua sort -k3 -n 😂 mtu ana magamba mikononi, simu inaita, ndoo za dagaa zinamsubiri, umwambie aunge komandi tatu? Urahisi wa nani huo. Na hao wakongwe wenyewe sort wameipa -u ya kuondoa mistari inayojirudia na komandi ya uniq ya kazi hiyohiyo ipo, maana ikishapanga zinazojirudia zimekaa pamoja, kuziruka si kazi.

kodi_na_kahawa:
Rangi usifute. Angalia kwanza kama inaandika kwenye skrini au kwenye paipu, Python ni sys.stdout.isatty(), ls --color=auto (komandi ya kuorodhesha mafaili) nayo inafanya hivyohivyo.

raskazone_upepo:
Hiyo ya isatty imetibu, asante sana. Nimemuuliza mjomba anatumia opsheni zipi, kumbe hajui hata moja, ana kikaratasi ukutani kimeandikwa komandi moja ndo anaikopi kila siku vilevile. Basi nabakiza kujumlisha tu, hiyo komandi yake naifanya kaskripti ka pembeni kanakoita sort na vingine. Binamu wa PDF bado sijamwambia.