Subaru WRX iliyoongezwa nguvu: ni lini breki za kiwandani huwa hazitoshi tena?

Boksa_Moro

Habari zenu wakuu. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, bodi ya GDA, toleo la Japani, gia za mkono. Kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 250, na sasa, baada ya kubadilishwa ekzosi na kupangwa upya programu ya injini, inakaribia 300. Breki ni zile zile ilizokuja nazo: mbele kalipa (vibanio vinavyosukuma pedi zikamate diski) za pistoni mbili na diski za milimita 294, nyuma kalipa za pistoni moja.

Hapa Morogoro mjini sijawahi kuona kasoro yoyote. Hofu ilinipata hivi karibuni nilipokuwa nashuka Mlima Kitonga nikitokea Iringa, gari likiwa na watu wanne na mizigo, huku malori yaliyo mbele yakinilazimisha kukanyaga breki mara kwa mara. Kabla ya kufika chini nilisikia harufu ya kuungua, kisha pedeli ikaanza kuwa laini na kuingia ndani zaidi kila nilipoikanyaga. Nilisimama Ruaha Mbuyuni, na gari lilipopoa pedeli ikarudi kama kawaida.

Rafiki zangu wote wananiambia kwamba ukishaongeza nguvu za injini ni lazima uweke breki za STI, yaani toleo la WRX lenye nguvu zaidi, mara moja. Je, kuna kipimo chochote cha kuamua wakati huo, au ni mazoea tu? Fedha niliyonayo inatosha kufanya jambo moja kubwa, kwa hiyo sipendi kukosea.

Fundi_wa_Ilala

Ndugu yangu, dalili ulizozieleza zinajibu sehemu kubwa ya swali lako. Breki zinapozidiwa na joto hushindwa kwa njia mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Ikiwa pedeli inabaki ngumu lakini gari halisimami, pedi ndizo zilizopoteza mshiko. Ikiwa pedeli inakuwa laini na kuzama, mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa na kutengeneza mapovu ya mvuke, na mvuke hubanwa kirahisi kuliko kimiminika, ndiyo maana unakanyaga sana na kupata kidogo. Yakipoa, mvuke hugeuka tena kuwa kimiminika na pedeli hurudi. Hilo ndilo lililokupata.

Sasa jiulize mafuta hayo yalibadilishwa lini. Mafuta ya breki hupangwa kwa madaraja ya DOT: DOT 3 ikiwa mpya hutakiwa kustahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya unyevu kiwango chake hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani, na katika unyevu wa pwani yetu sioni sababu ya kuyaacha zaidi ya miaka miwili. Magari mengi yanayoletwa kwangu yana mafuta meusi kama chai ya rangi, na mwenye gari anaulizia bei ya kalipa kubwa. Weka DOT 4 nzuri au 5.1. Usiichanganye na DOT 5 tupu, isiyo na ".1" mwishoni, kwa kuwa hiyo ni ya silikoni na haipatani na hizi.

Magurudumu yakiwa yamefunguliwa, kagua pini ambazo kalipa huteleza juu yake, kwa sababu pini moja ikikwama kwa kutu, pedi ya upande mmoja hubaki inagusa diski safari nzima na kuzalisha joto usilolitarajia. Utalijua hilo ukikuta pedi ya ndani imeisha na ya nje bado nene. Angalia pia kingo za pedi kama zimekuwa nyeupe na kumeguka kama jivu, na raba zinazofunika pistoni kama zimekakamaa. Hizo ni alama za joto kubwa la mara kwa mara, na zina uzito kuliko ushauri wa marafiki.

Mhandisi_Mteremko

Nakubaliana na Fundi, ila naomba tuliweke sawa suala la nguvu za farasi, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Breki hazijui injini yako ina farasi wangapi. Zinachojua ni uzito wa gari, kasi unayoiondoa, na muda unaozipa kupoa. Gari la kilo 1,400 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa, breki hulazimika kumeza takriban kilojuli 540 za nishati. Likisimamishwa kutoka 140, ni zaidi ya kilojuli 1,050, yaani karibu mara mbili, ingawa kasi imeongezeka kwa asilimia 40 tu. Injini yenye nguvu ina madhara pale inapokufikisha kwenye kasi hiyo ya juu haraka, tena na tena, kati ya kona moja na nyingine.

Kuhusu mteremko, gari hilo hilo likishuka mita 100 za wima bila kuongeza kasi, kuna kilojuli 1,370 za kuondolewa, ambazo ni sawa na kusimama mara mbili na nusu kutoka kasi ya 100. Kitonga ina mamia ya mita za namna hiyo, na wewe ulikuwa umebeba watu na mizigo juu yake. Kwa maneno mengine, hata gari ambalo injini yake haijaguswa lingeweza kupata tatizo lako hasa, na sehemu kubwa ya joto hilo ilipaswa kubebwa na injini kwa gia nzito.

Kipimo ninachokitumia ni hiki. Kwenye eneo salama lililofungwa, breki zikiwa zimeshapata moto baada ya kusimama kwa nguvu mara kadhaa mfululizo, kanyaga hadi mwisho. Kama ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) bado inaingia, breki zako zina uwezo kuliko mshiko wa tairi, na kalipa kubwa hazitafupisha umbali wa kusimama hata kidogo. Tairi bora ndizo zitakazoufupisha. Kama ABS inaingia zikiwa baridi lakini haiingii zikiwa za moto, na mafuta ni mapya na pedi ni za daraja zuri, hapo ndipo umefika ukomo wa diski zako na fedha ya breki kubwa ina kazi ya kufanya.

Boksa_Moro

Nashukuru sana wakuu. Mafuta sijawahi kuyabadilisha tangu ninunue gari. Na ikitokea baadaye nikafika ukomo huo, niende moja kwa moja kwenye Brembo, yaani kalipa kubwa za STI, zilizotumika?

Gia_ya_Tatu

Si lazima. Kuna kalipa za Subaru za pistoni nne zinazotumia diski hiyo hiyo ya milimita 294, na kwa kawaida huingia ndani ya rimu za inchi 16. Mimi ningezifikiria kwanza, kwa pedi bora, kwa gari la barabarani.

Brembo za STI ni diski za milimita 326 mbele na 316 nyuma, hivyo unahitaji rimu za inchi 17 zenye nafasi ya kutosha. Tena angalia bolti: STI za mwanzo za kizazi hicho bolti zake zimepangwa kwenye duara la milimita 100 kama lako, za baadaye ni 114.3, na diski za hizo za baadaye hazitakaa kwenye habu zako, pale gurudumu linapofungwa. Nyuma kuna mtego mwingine, kwani ngoma ya breki ya mkono ya WRX ni ya milimita 170 na ya STI ni 190. Watu wakishaona gharama hiyo hufunga za mbele tu, jambo ambalo mimi silipendi, kwa sababu mizani ya breki huhamia mbele, tairi za mbele zinafika ukomo mapema huku za nyuma zikifanya kazi ndogo, na gari linaweza kusimama mbali zaidi kuliko lilivyokuwa.

Ukinunua zilizotumika, mwambie muuzaji azitoe pistoni mbele yako uone kama zina kutu chini ya raba. Akikataa, ziache hapo hapo.