Mjadala: Minecraft, ukifa vitu vibaki au vimwagike?

TochiMbili
Wakuu, habari za jioni. Hili nalileta kwa niaba ya wachezaji wa saa moja kwa siku, si wale wanaokesha humo ndani.

Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga dunia ya bloku, ni tamu, hilo halina ubishi. Jua la siku ya kwanza linakupa dakika 10: kata mti, tengeneza sururu ya mbao, chimba mawe matatu upate sururu ya mawe, jichimbie chumba ubavuni mwa kilima, ziba mlango kwa udongo. Nje zombi anakoroma, ndani tanuru linawaka na nyama ya kondoo iko juu. Hapo ndipo gemu ilipo. Na yale mapango yaliyokuja na toleo la 1.18 mwaka 2021, yanayoshuka hadi kimo cha chini ya sifuri, mtu anasimama ukingoni anaangalia tu.

Kinachokera ni kifo. Kripa mmoja, lile zimwi linalolipuka, nyuma ya mgongo, kila ulichobeba kimemwagika chini, na una dakika 5 kabla hakijafutika. Mbio ni bloku 5.6 kwa sekunde. Ukifia bloku 2,000 kutoka kitandani unahitaji karibu dakika 6, tena mkono mtupu, huna hata mkate. Hesabu inakataa yenyewe. XP nazo, yaani pointi za uzoefu: leveli 30 ni pointi 1,395, ukifa zinabaki pale chini pointi zisizozidi 100, hazikufikishi hata leveli ya 8. Jioni nzima ya mtu imekwenda na maji.

Kuna madogo madogo pia: fuawe ya kutengenezea vifaa inayokula vipande 31 vya chuma kuiunda halafu inagoma kazi gharama ikifika leveli 40, fantomu, wale mazimwi wa kuruka, wanaoshuka kwa sababu tu hujalala siku 3, na begi la nafasi 36 linalojaa mbegu na maua kabla hujafika pangoni.

Ombi langu ni moja. keepInventory, ile sheria ya vitu kubaki nawe ukifa, iwe imewashwa tangu mwanzo kwenye kila dunia mpya. Anayetaka mateso aizime mwenyewe. Mnasemaje? Na wale wa kuwafungia wanakijiji kwenye vibanda ili wawauzie Mending, uchawi wa kitabuni unaofanya kifaa kijitengeneze kwa XP, naomba msije kunifundisha maana ya ugumu. Ile ni jela, si kijiji.

FundiFaneli
Jela? Neno hilo umelitoa wapi? Sikiliza kazi inavyokwenda kabla hujatukana watu.

Meza ya mkutubi, yule mwanakijiji muuza vitabu, inataka vibamba 4 vya mbao na rafu 1 ya vitabu. Rafu ni mbao 6 na vitabu 3, kila kitabu ni karatasi 3 na ngozi 1. Unaiweka mbele ya mwanakijiji asiye na kazi, anajivika kitabu kichwani, unafungua biashara yake unaona anauza nini. Si Mending? Vunja meza, iweke tena, biashara inabadilika. Rudia mpaka itokee. Ukishanunua kwake kitu kimoja tu, amejifunga, habadiliki tena, kwa hiyo usiwe na haraka ya kununua kitabu cha kwanza unachokiona. Bei ya Mending huanzia zumaridi 10 mpaka 38. Ikitoka 38, vunja tena.

Sasa mwache bila ukuta uone. Katikati ya zoezi ataondoka kushika kazi ya meza nyingine, na usiku zombi anamfikia. Ugumu ukiwa wa juu kabisa, kila mwanakijiji anayeuawa na zombi anageuka zombi. Ugumu wa kawaida ni nusu kwa nusu. Ule ukuta unamlinda yeye.

Kina11
Mnabishana vitabu wakati almasi ziko Y 11, Y ikiwa namba ya kimo. Chimba pale pale, tembea na sururu mbili, ukifa tengeneza nyingine. Kifo hakijawahi kuwa tatizo kwa mchimbaji.

MzeeWaRamani
Y 11 ni ya kabla ya 1.18, mkuu Kina11. Sakafu ya dunia sasa iko Y -64 na almasi huongezeka kadiri unavyoshuka. Handaki zuri ni Y -59 au hapo karibu. Kwa nini handaki na si pango? Kwa sababu gemu inafuta sehemu ya almasi zinazogusa hewa, kwa hiyo ukutani mwa pango utaona chache kuliko zilizomo ndani ya mwamba. Halafu pango lililo chini ya Y -54 limejaa lava. Shuka na ndoo ya maji mkononi, na usichimbe bloku unayoisimamia.

Nirudi kwa TochiMbili, maana hesabu yake ya dakika 5 ina kasoro na wengi wanaikariri hivyo hivyo. Saa ile haihesabu muda wote. Inahesabu wakati eneo vilipo vitu limeamshwa, yaani kuna mchezaji karibu. Ukifia bloku 2,000 ukafufukia nyumbani, eneo lile linalala na saa inasimama. Inaendelea ukisharudi jirani. Kwa hiyo usikimbie uchi. Kula, chukua ngao na upanga wa mawe, nenda taratibu. Cha muhimu ni kujua ulipofia: kwenye Java, toleo la kompyuta, bonyeza F3 usome namba za mahali, kwenye simu washa kionyeshi chake wakati wa kuunda dunia. Anayefika mbali atengeneze dira ya kurudia, dira 1 ikizungukwa na vipande 8 vya mwangwi kutoka masanduku ya miji ya kale. Inaonyesha ulipofia mara ya mwisho.

Kinachopoteza vitu kweli ni lava, na utupu ulio chini ya dunia. Vifaa vya netherite, vile vya juu kuliko almasi, haviungui kwenye lava, vinaelea. Utupu hauna dawa.

Asali_ya_Nyuki
Mzee umesema vizuri, ila wote mnaongea Kijava. Wengi wetu tunacheza kwenye simu, yaani Bedrock. Huku keepInventory imewekwa kundi moja na udanganyifu. Ukiiwasha gemu inakuonya, na kuanzia hapo dunia hiyo haitoi tena mafanikio, yaani zile tuzo za gemu, hata ukiizima kesho. Kwa hiyo ombi la TochiMbili lina uzito kuliko alivyolieleza: sheria hiyo ikiwa ya tangu mwanzo, itabidi itolewe kwenye kundi la udanganyifu. Hilo ndilo la kujadili.

FundiFaneli
Uongo. keepInventory haifungi kitu chochote. Simamisha gemu, fungua dunia kwa LAN, yaani mtandao wa ndani, ruhusu amri, andika amri ya gamerule uchague keepInventory, kwisha. Maendeleo yote yanabaki.

Na hata hivyo mwenye shamba la chuma haihitaji. Vazi kamili la chuma ni vipande 24, ndoo 3, sururu 3. Wanakijiji 3, vitanda 3, zombi 1. Wakimwona zombi wanaogopa, golemu, mlinzi wa chuma wa kijiji, anazaliwa, anasukumwa na maji hadi kwenye lava, anaacha vipande 3 hadi 5. Ukifa unarudi sandukuni, unavaa, unaondoka. Msiombe gemu ibadilishwe kwa sababu hamtaki kujenga.

Asali_ya_Nyuki
"Uongo" ni neno zito, kaka. Nimeandika Bedrock, wewe umejibu Java, halafu mimi ndiye muongo? Kwenye simu hiyo njia ya LAN unayoisema haipo.

Na hilo shamba lako la wanakijiji 3 ndilo linalotesa watu. Mtoto anafuata maelekezo yenu, anabeba wanakijiji kwa mtumbwi usiku kucha, anajenga, haoni hata golemu mmoja. Kwa nini? Kwa sababu kwenye Bedrock hofu haizalishi golemu. Kijiji kinataka vitanda 20 na wanakijiji 10, kila mmoja ameunganishwa na kitanda chake, na robo tatu yao wawe wamefanya kazi siku iliyopita. Maana yake meza za kazi nazo ziwepo na wazifikie. Ukimficha mwanakijiji mahali asipogusa meza yake, unapunguza hesabu mwenyewe. Vitanda 20 ni sufi 60 na mbao 60. Semeni hivyo tangu mwanzo.

FundiFaneli
Sawa, vitanda 20 huko kwenu. Ila la kwangu usiliite la kutesa watu. Likigoma kwenye Java sababu ni zile zile tatu. Kwanza, wanakijiji wanamwona zombi bila kukoma, hawalali. Asiyelala ndani ya dakika 20 zilizopita hazalishi golemu, ndiyo maana shamba linafanya kazi usiku wa kwanza halafu kimya. Zombi awe anaonekana na kufichika, mpandishe na kumshusha kwa maji au pistoni. Pili, zombi hana kibandiko cha jina, ukienda mbali anafutika. Tatu, hana paa, jua linamuunguza. Lava nayo ikae usawa wa kichwa cha golemu, imezuiwa kwa vibao vya maandishi, sio sakafuni. Ikiwa sakafuni inaunguza chuma kabla hakijafika kwenye faneli inayokikusanya.

Kina11
Kwa hiyo Y -59 ni kwa simu pia au Java peke yake?

MzeeWaRamani
Kote, mkuu, kuanzia 1.18.

TochiMbili
Wakuu, nimeuliza kuhusu kufa, sasa tuko kwenye sufi 60. Na mmethibitisha nilichosema. Anayecheza saa moja akimwaga vitu, mnamwambia akajenge kiwanda kwanza. Mkutubi, zombi wa chini ya paa, vibao vya kuzuia lava. Hiyo ni miezi miwili ya jioni zake. Halafu ninyi wenyewe wenye kiwanda hamuogopi kufa hata kidogo, sandukuni kuna mavazi 15. Nani basi anayeadhibiwa na sheria hii? Mgeni, peke yake.

Na jela nairudia. Mojang wenyewe, waundaji wa gemu, waliona haiko sawa, ndiyo maana 2023 walitoa jaribio la kubadilisha biashara za wanakijiji.

FundiFaneli
Lile jaribio ndilo baya kuliko yote, nashangaa unalitetea. Kwa mpangilio ule Mending inauzwa na mkutubi wa kinamasi tu, tena akishafika daraja la mwisho. Na kinamasi hakina kijiji cha asili. Unajua kazi yake? Unasafirisha wanakijiji 2 kwa mtumbwi hadi kinamasini, unaweka vitanda 3, kila mmoja unampa mikate 3, wanazaa. Kwenye Java ni nusu tu ya watoto wanaofuata mahali walipozaliwa, wengine wanafuata wazazi. Ukimpata wa kinamasi bado umfanyie biashara mpaka daraja la juu. Wewe mtu wa saa moja utafika lini? Meza ya mkutubi niliyokueleza ni karatasi 9 na ngozi 3. Hiyo unayoiita jela ndiyo njia fupi ya mtu kama wewe.

Asali_ya_Nyuki
Hapo Fundi namuunga mkono, na si kawaida yangu. Ila TochiMbili naye swali lake la mgeni halijajibiwa. Nani anayeadhibiwa?

MzeeWaRamani
Niseme langu. Kifo kisichochukua chochote kinaharibu gemu kwa namna ambayo mgeni haioni mapema. Ukiwa na keepInventory, kufa ni usafiri. Umepotea bloku 3,000 ndani ya pango, unaruka shimoni, unaamka kitandani na almasi zako mfukoni. Mienge ya kuwekea alama njia haina kazi, ramani haina kazi, kitanda cha safari cha sufi 3 na mbao 3 hakina kazi. Ule mlango wa udongo uliousifu mwanzo, TochiMbili, thamani yake inatoka kwa zombi aliye nje. Mwondolee meno, utaujengea nini?

Ninachokubali ni XP. Pointi 100 kati ya 1,395 ni ukatili usio na somo lolote ndani yake. Vitu unaweza kuvirudia, na nimeeleza namna. Leveli huwezi hata ukifika pale kwa wakati.

TochiMbili
Mlango wa udongo umenigusa, sikatai. Lakini kuna ya kati na kati. Nafasi 9 za mkononi zibaki, begi limwagike. Upanga, sururu, ngao na mkate unaamka navyo, mawe na almasi unavifuata. Hapo kufa si usafiri, maana almasi zimebaki shimoni, na wala mtu harudi mkono mtupu.

FundiFaneli
Watazipanga almasi kwenye nafasi 9 kabla ya kuruka shimoni. Nafasi moja inabeba 64.

Asali_ya_Nyuki
Basi vibaki vifaa tu, vile visivyopangika zaidi ya kimoja kwa nafasi. Almasi zimwagike hata zikiwa mkononi.

FundiFaneli
Sanduku la shulker, lile la kubeba na vitu vyake, nalo halipangiki zaidi ya moja kwa nafasi, dada, na ndani lina nafasi 27. Litabaki na almasi zote.

Asali_ya_Nyuki
Limwagike. Mtu wa saa moja hana shulker.

MzeeWaRamani
Kwa masharti hayo, vifaa vibaki, shulker na begi vimwagike, na XP irudi nusu, naweza kuishi nayo. Fuawe ile ya leveli 40 hatujaigusa kabisa, na kwa mchezaji wa jioni ndiyo mbaya zaidi. Kila ukikipitisha kifaa pale adhabu inaongezeka 1, 3, 7, 15, 31, kwa hiyo sururu uliyoitengeneza mara ya tano inaanzia leveli 31 kabla hujaongeza chochote.

Kina11
Ndiyo maana nasema tembea na sururu mbili.

FundiFaneli
Ndiyo maana nasema Mending.