Naomba ushauri: lenzi ya 70-200mm f/2.8, nibaki nayo au niirudishe?

Ndugu zangu wapiga picha, salaam kutoka Mombasa. Nimenunua lenzi ya 70-200mm f/2.8 kwa kazi za harusi, na moyo haujatulia. Dukani wanakubali kuirudisha hadi Jumamosi.

Kamera yangu ni DSLR (kamera yenye kioo ndani) ya sensa ya APS-C, yaani sensa ndogo inayofanya lenzi ionekane kuvuta karibu mara 1.5 zaidi. Kwa hiyo 70mm inakuwa kama 105mm na 200mm kama 300mm. Ufuoni Nyali ni raha tupu. Lakini kwenye vyumba vya Mji wa Kale, mgongo unagusa ukuta na bado nusu ya bibi harusi haimo. Kwa pesa hizi ningepata 35mm f/1.8 na 85mm f/1.8 zote mbili, na f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa) huingiza mwanga zaidi ya mara 2 ya f/2.8.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi. Kwa 200mm, f/2.8, spidi 1/500, nalenga jicho lakini sikio ndilo linatoka kali, kope zimefifia. Nikiweka kamera kwenye tripodi na kulenga kupitia skrini ya nyuma, kope zinatoka safi kabisa. Nadhani basi vioo vya lenzi ni vizima, ulengaji wa kitundu cha kutazamia ndio unaopitiliza nyuma. Je, marekebisho ya ulengaji yaliyo kwenye menyu ya kamera yatatosha kwa 70mm na 200mm pia, au nikiponya upande mmoja nitaharibu mwingine?

Na wenzangu wa pwani, mnazuiaje kuvu ndani ya lenzi: boksi lenye silika jeli (vidonge vya kunyonya unyevu) linatosha kushikilia unyevu wa asilimia 40 hadi 50?