Naombeni ushauri wa haraka: chungu gani kinafaa kwa bonsai ya mbuyu?

Mpole wa Nzuguni: Wakuu habari za jioni. Nina bonsai ya mbuyu, yaani mti unaokuzwa mdogo kwenye chungu, urefu sentimita 45 hivi, shina pale chini unene kama 9. Chungu chake kimepasuka. Nichukue cha udongo wa kawaida au hiki cha kung'aa? Jua na upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe. Majani yameanza kudondoka nina wasiwasi sana.

Kitukuu: Mbuyu kwenye chungu 😂 watu mna hela. Sisi mbuyu tunakula ubuyu tu.

Fundi Trei: Mkuu, urefu wa chungu unachukua kama theluthi mbili ya urefu wa mti, kwa hiyo wako ni sm 30. Kina kilingane na unene wa shina, sm 9, ila mbuyu ongeza kidogo maana mizizi yake minene. Udongo usiopakwa rangi ndio mzuri, unapumua. Muhimu kuliko vyote ni matundu chini.

Mama Makole: Mwanangu mbuyu una wenyewe, usilale nao nyumba moja. Mimi nilikuwa na mkwaju kwenye sufuria iliyotoboka, niliutunza miaka sita, mkwe wangu akaja likizo akaukata akidhani ni kijiti cha kuchokonolea jiko. Hadi leo hatuongei vizuri.

Kitukuu: Mama pole, ila jiko lilichokonolewa?

Bwana Shamba Mstaafu: Haraka ya nini kijana? Mbuyu ni mti wa kusubiri. Mizizi iguswe mvua zikikaribia, mwezi wa kumi na moja. Sasa hivi mwache alale. Hebu sema ukweli, kuna nini?

Mpole wa Nzuguni: Sawa mzee wangu. Mti si wangu, ni wa bosi, kasafiri kaniachia funguo nimwagilie maua, anarudi ijumaa. Mbuzi wa jirani aliingia akaangusha. Ila nimeshauhamisha jana, nimeupanda kwenye bakuli la kaure la wife la kuwekea pilau, na kusema kweli limependeza kuliko kile cha mwanzo, mnaweza kucheka lakini limependeza. Mzizi mmoja ulikuwa mrefu haukuenea nikaupunguza kwa kisu cha jikoni. Nilitaka tu kujua kama cha kung'aa kinakubalika.

Kitukuu: Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba baraka.

Mama Makole: Na mkeo anajua habari ya bakuli?

Mtu wa Hombolo: Jamani hii chai. Mwezi wa nane huu. Hapa nilipo nikitoka mlangoni naona mibuyu saba yote kipara, halafu wa kwake eti ndo kwanza majani yanadondoka. Na mbuzi juu. Picha hakuna. Mods fungeni uzi.

Mpole wa Nzuguni: Kaka nitunge ili nipate nini? Mti unakaa sebuleni, namwagilia kila asubuhi kikombe kizima tangu mwezi wa sita, ndo maana ulikuwa na majani.

Fundi Trei: Kila asubuhi?? Na hilo bakuli lina tundu?

Mpole wa Nzuguni: Halina ila niliweka kokoto chini maji yashuke.

Fundi Trei: Yashuke yaende wapi mkuu. Kokoto bila tundu ni kujidanganya, maji yanakaa palepale na mzizi una kidonda kibichi. Utoe sasa hivi, kung'uta udongo, uweke kivulini ukauke wiki nzima kabla ya kuupanda tena. Bakuli likitakiwa litobolewe kwa biti ya vigae, drili isigonge, unamwagia maji taratibu lisipate moto. Kwanza bonyeza shina pale chini, ni gumu?

Mtu wa Hombolo: Nangoja picha.

Mpole wa Nzuguni: Nimebonyeza. Upande mmoja kidole kinaingia. Kuna harufu kama ya togwa.

Bwana Shamba Mstaafu: Ijumaa anafika saa ngapi?