Binti anataka kusomea fidla, aanzie wapi?

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Binti yetu anamaliza darasa la kumi na mbili mwakani na ameshatamka: anataka fidla, hataki uuguzi. Baba yake kanyamaza wiki nzima. Majina ya vyuo vya muziki tunayasikia, Juilliard, Curtis, Berklee, ila kipi ni kipi hatujui. Aliyepita njia hii atushike mkono.
Mama wa mpiga fidla, Houston

---

Marahaba, dada. Mwanangu yuko chuoni, mwaka wa tatu wa fidla, kwa hiyo nakuandikia tuliyoyapitia.

Hayo majina yasikutishe. Curtis ya Philadelphia haitozi ada ya masomo tangu 1928, lakini chuo kizima kina wanafunzi kama 150 tu. Berklee ya Boston nguvu yake ni jazi na muziki wa kisasa. Kama binti anapenda okestra, usianzie huko. Nyinyi mko Texas, na mjini Denton kuna University of North Texas, chuo cha umma kilichoanzisha shahada ya jazi mwaka 1947, na fidla ya klasiki inafundishwa vizuri. Mtalipa ada ya wakazi wa jimbo, ambayo ni nafuu. Walio nje ya Texas nao wasikie: ukipata ufadhili wa ushindani wa dola 1,000 au zaidi, chuo cha umma cha hapa kinaweza kukutoza ada hiyo hiyo ya wakazi.

Halafu aina ya shahada. Bachelor of Music, karibu theluthi mbili ya masomo ni muziki. Bachelor of Arts, kama theluthi moja, nafasi ya somo lingine inabaki. Ipo pia ya ualimu wa muziki, inayompeleka kwenye leseni ya kufundisha shuleni. Hiyo mwonyeshe shemeji, maana shule za Texas zina okestra na bendi nyingi, na ajira yake ni ya mshahara.

Sisi tulichelewa. Vyuo vingi vinataka video ya mchujo mwanzoni mwa Desemba, ndipo waite watu kwenye usaili kati ya Januari na Machi. Tulirekodi sebuleni mwishoni mwa Novemba, friji ikanguruma kila mtoto aliposhusha sauti. Ikabidi turudie kanisani na kumlipa mpiga piano mara ya pili. Anzeni kiangazi.

Ila kubwa kuliko yote ni mwalimu. Miaka minne mtoto atakuwa mikononi mwa mtu mmoja, kila wiki, ana kwa ana. Aandike barua pepe mwenyewe aombe somo la majaribio, wengine hawatozi. Mwalimu mmoja alimsimamisha wangu kwenye mstari wa kwanza wa noti. Akashika kiwiko cha kulia, akakishusha kidogo, akasema piga tena. Nusu saa nzima hawakufika mstari wa pili. Mimi pale kwenye kiti nilijua tumeshakosa. Tulipotoka nje mtoto akaniambia, "Baba, huyu ndiye." Chuo kile hakikuwa hata kwenye orodha yangu.
Baba wa watatu, Dallas

---

Naongezea la Ujerumani. Vyuo vingi vya muziki vya serikali huku unalipa mchango wa muhula tu. Ila jimbo la Baden-Württemberg, ninakokaa, tangu 2017 wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya wanalipa euro 1,500 kwa muhula. Kwenye mtihani wa kuingia fidla peke yake haitoshi: kuna piano, nadharia na kutambua sauti kwa sikio. Piano aanze sasa, na Kijerumani pia.
Dada yenu, Stuttgart

---

Asanteni mno. Tumesoma mezani sote watatu. Binti ameshawaandikia walimu wawili, mmoja kajibu. Baba yake kauliza swali moja tu, Denton ni mwendo gani kwa gari. Nikamwambia masaa manne na ushei. Akasema basi Jumamosi tutoke alfajiri.