Mrejesho: mama na vidonge vya vitamini D

Wakuu, habari zenu. Niliuliza kama vidonge vya vitamini D vinaweza kumletea mama kichefuchefu, kukosa choo, kiu isiyokatika na kuamka usiku kucha kwenda haja ndogo. Mliosisitiza tupime kalsiamu kwenye damu, Mungu awabariki. Imekutwa iko juu.

Kapsuli zake ni za IU 50,000, za kumeza moja kwa wiki. Kwenye bahasha ya dawa waliandika 1x1 tu, basi mama akawa anameza kila siku. Kwa mtu mzima anayejinunulia mwenyewe, kikomo cha kawaida ni IU 4,000 kwa siku! Na kumbe dawa yake ya presha, haidroklorothiazaidi, nayo huzuia kalsiamu isitoke na mkojo, kwa hiyo vilisaidiana kuipandisha. Mwenye mzazi anayetumia dawa hiyo amwambie daktari kabla ya kuanza vitamini D.

Kapsuli zimesitishwa, dawa ya presha imebadilishwa, na alitundikiwa dripu. Figo zimepimwa, ziko salama, hapo ndipo nilipopumua. Daktari alieleza kwamba vitamini hii huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, hivyo kalsiamu inaweza kubaki juu kwa wiki kadhaa hata baada ya kuacha.

Kichefuchefu kimeisha na uji anamaliza bakuli. Choo bado kigumu. Kipimo cha marudio ni mwezi ujao, nitawajuza.